Jimbo la Smethwick na Kura Zetu Zilizolala



Kila ukikaribia uchaguzi kwetu, sisi tulioko huku hatulali. Simu zinapigwa mpaka alfajiri, kila mmoja ana matokeo yake ya jimbo, na wapo wanaoweza kukutajia kwa kichwa kura za Pemba tangu mwaka 1995. Lakini muulize mtu huyo huyo, ambaye ana miaka kumi na tano Uingereza, mbunge wake wa hapa anaitwa nani. Atakutazama kama umemuuliza jina la mke wa jirani. Nami nimo katika kundi hilo, sijitoi. Kwa hivyo leo naomba tuyaweke kando kidogo ya nyumbani, tuzungumzie jimbo moja la Uingereza linaloitwa Smethwick, jimbo lililofutwa mwaka 1974 lakini habari yake haijatuachia mpaka leo.

Jina la Smethwick nililisikia kwanza kwa mzee mmoja wa Kikalasinga niliyefanya nae kazi zamu ya usiku. Mzee huyu kazaliwa Nakuru, na Kiswahili chake ni kile cha gereji, kikavu na hakina mapambo. Usiku mmoja tumekaa tunakunywa chai akaniuliza, "Kijana, wewe najua kwa nini mimi nakuja hapa mbio mbio Februari 1968, hata koti hapana?" Nikadhani ataanza habari za Kenyatta na leseni za biashara. Akaanza habari za Smethwick. Nilimwona kama amechanganyikiwa kwa usingizi, lakini nilipokwenda kusoma mwenyewe nikaona kuwa aliyelala nilikuwa mimi.

Smethwick ni mji wa viwanda, umegandana na Birmingham upande wa magharibi, na ulijengwa na watu wa kusubu chuma. Jimbo la ubunge lilianzishwa mwaka 1918, na tangu siku ya kwanza lilikuwa na vituko. Katika uchaguzi wa mwaka huo, wa mwanzo ambao wanawake waliruhusiwa kupiga kura na kugombea, alisimama Christabel Pankhurst, mmoja wa wale waliopigania kura ya wanawake. Akashindwa na mgombea wa Labour kwa kura 775 tu. Mwaka 1926 ukafanyika uchaguzi mdogo, akashinda Oswald Mosley kwa tiketi ya Labour. Ndiyo, ni huyo huyo Mosley ambaye mwaka 1932 aliunda chama cha mafashisti wa Uingereza. Wafanyakazi wa Smethwick walimbeba mabegani wakidhani wamepata mtetezi. Mwaka 1945 Labour ilishinda tena kwa mgombea aitwae Alfred Dobbs, na kesho yake, baada ya matokeo kutangazwa, akafa kwa ajali ya gari. Ikabidi uitishwe uchaguzi mdogo, na hapo ndipo alipoingia mtu wa kisa chetu, Patrick Gordon Walker.

Bwana huyu tumjue vizuri, kwani ana deni na Afrika. Mwaka 1950 alikuwa Waziri wa Mahusiano ya Jumuiya ya Madola, na ndiye aliyesimama Bungeni kutangaza kuwa Seretse Khama, chifu wa Wabamangwato wa Bechuanaland, nchi ambayo leo ni Botswana, hatoruhusiwa kurudi kwao. Kosa lake lilikuwa kumuoa mwanamke wa Kiingereza, Ruth Williams, na ndoa hiyo ikawaudhi makaburu wa Afrika Kusini. Serikali ya Labour, chama cha wanyonge, ikaona bora kumfukuza mtu kwao kuliko kugombana na Pretoria. Huyo ndiye Gordon Walker. Lakini mwaka 1961, Conservative walipopeleka Bungeni mswada wa kwanza wa kuzuia raia wa Jumuiya ya Madola kuingia Uingereza, aliyeongoza hoja ya Labour ya kuupinga alikuwa yeye. Sijui kama ilikuwa toba au ilikuwa siasa. Ila watu wa Smethwick walilikumbuka hilo la pili, wala hawakuwa na habari na la kwanza.

Kwani katika miaka hiyo Smethwick ilikuwa inabadilika. Viwanda vilikuwa vinataka watu wa kazi ngumu, na Makalasinga kutoka Punjab na ndugu zetu wa Jamaica walikuja kuzifanya. Hawakufika hata mmoja katika kila kumi ya wakaazi. Hata hivyo wakawa ndio sababu ya kila kitu: nyumba hazitoshi, ni wao, skuli zimejaa, ni wao, maradhi, ni wao. Baa nyingine ziliwakataza kuingia, vinyozi wengine wakakataa vichwa vyao, na hata klabu ya wanachama wa Labour hapo mjini ililaumiwa kwa ubaguzi huo huo. Hebu fikirini, chama kinachoomba kura zako hakitaki ukae nacho meza moja.

Basi Conservative wakamsimamisha Peter Griffiths, mwalimu mkuu wa skuli ya msingi na diwani, mtu wa hapo hapo. Hakuzungumzia dunia. Alizungumzia wahamiaji, asubuhi na jioni. Na mitaani zikaonekana karatasi zenye wimbo mfupi wa kuwaambia watu kwamba ukitaka mtu mweusi awe jirani yako, basi wape kura Labour. Neno lililotumika halikuwa "mtu mweusi", bali lile la matusi ambalo sote tunalijua na wengine wetu tumeitwa nalo kwenye basi. Griffiths alisema karatasi zile si zake. Lakini alipotakiwa azilaani alikataa, akasema hayo ni hisia za watu. Mnaona ustadi huo? Uchafu haushiki kwa mkono wako, ila unauacha pale pale ulipo, ukufanyie kazi.

Oktoba 15, mwaka 1964, Waingereza wakapiga kura. Nchi nzima ilikuwa inaelekea Labour, na Harold Wilson akaingia madarakani baada ya miaka kumi na tatu ya Conservative. Smethwick ikaenda kinyume: Griffiths kura 16,690, Gordon Walker kura 14,916. Tofauti ni kura 1,774, na aliyeangushwa ndiye aliyekuwa anangojewa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Hapa nawaomba msimame kidogo, kwa sababu hesabu hii ina jambo ambalo watu wengi hulipita. Mwaka 1959 Griffiths huyo huyo aligombea na Gordon Walker akashindwa. Siku hiyo alipata kura 17,126. Yaani mwaka 1964, baada ya kelele zote zile za rangi, kura zake zilipungua kwa mia nne na zaidi! Kilichotokea ni kwamba Gordon Walker alianguka kutoka kura 20,670, akapoteza 5,754. Zilikwenda wapi? Chama cha Liberal, ambacho safari iliyopita hakikusimamisha mtu, kilipata 3,172. Wengine, bila ya shaka, walivuka kwenda kwa Griffiths na kujaza pengo la waliomkimbia. Na wengine walikaa nyumbani tu. Mimi siamini kuwa mji mzima uligeuka kuwa wa wabaguzi kwa usiku mmoja. Ninachokiona ni watu walioogopa kujibu, na watu ambao hawakwenda.

Na wale wageni wenyewe waliokuwa wanasemwa? Wengi wao walikuwa na haki ya kupiga kura. Sheria ya Uingereza inampa raia wa Jumuiya ya Madola anaeishi hapa kihalali haki ya kuandikishwa na kuchagua mbunge, tangu siku hizo mpaka leo. Mzee wangu wa Nakuru alikuwa na ami zake waliokuwa wakiishi huko wakati ule, na alinieleza kuwa hawakupiga kura hata mmoja. Walikuwa wanadhani mambo hayo ni ya wenyewe. "Wao nafikiri nakaa miaka tano, napata pesa, narudi Jullundur," akaniambia, akacheka. Wote wamechomwa hapa hapa Birmingham.

Bunge lilipokutana, Wilson alisimama akasema kuwa Griffiths atakaa humo kama mwenye ukoma mpaka uchaguzi ujao. Ukumbi ukachafuka, Conservative wakahamaki. Wilson akampa Gordon Walker uwaziri vile vile bila ya ubunge, akamtafutia jimbo la Leyton, mashariki ya London, jimbo ambalo Labour ilikuwa imelishinda kwa kura karibu 8,000. Mbunge wake mzee akapandishwa kwenda Baraza la Malodi ili kumpisha. Januari 1965 Gordon Walker akashindwa na huko, kwa kura 205. Ikambidi ajiuzulu. Mtu aliyemfungia Seretse mlango wa kwao, akafungiwa milango miwili.

Wakati huo kaunsili ya Smethwick ilikuwa na mpango wa kununua nyumba za Marshall Street kila zinapouzwa na kuzikodisha kwa familia za kizungu tu. Waziri wa Nyumba, Richard Crossman, akakataa kuidhinisha mkopo, na mpango ukafa. Lakini kabla haujafa alikuja mgeni. Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi kilimwalika Malcolm X, na Februari 12, 1965, akatembea Marshall Street na kamera za televisheni nyuma yake. Alisema wasingoje mpaka yajengwe matanuri ya kuchomea watu. Siku tisa baadae akauliwa New York. Kwa wale wanaopenda kuunganisha mambo: mwezi ule ule wa Oktoba 1964 uliofanyika uchaguzi wa Smethwick, Malcolm alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu wetu. Kwa hivyo alipofika kwenye mtaa ule alikuwa na vumbi la kwetu viatuni.

Machi 1966 uchaguzi ukarudiwa nchi nzima. Griffiths akaangushwa Smethwick kwa kura 3,490, hajamaliza hata mwaka mmoja na nusu. Na aliyemwangusha, amini usiamini, alizaliwa Tanganyika! Anaitwa Andrew Faulds, mtoto wa wamisionari, mwaka 1923 alizaliwa, akakulia kuwa mwigizaji wa sinema na redio mwenye sauti nzito. Mwenyewe akisema kuwa aliyemsukuma kuingia siasa ni Paul Robeson, yule mwimbaji mweusi wa Marekani. Alilishika jimbo mpaka lilipofutwa mwaka 1974 na kuingizwa Warley East, akaendelea na hilo jipya mpaka 1997.

Sasa wengi wakifika hapa hufunga kitabu. Mbaya kaanguka, mwema kashinda, na haya ndiyo yanayosomwa kwenye maadhimisho. Ndugu zangu, tusidanganyike. Griffiths alipoteza kiti, lakini alichokuwa anakitaka alikipata, tena kwa mikono ya Labour.

Tazameni tarehe. Agosti 1965, serikali ya Wilson, iliyomwita mwenzao mwenye ukoma, ilitoa waraka wa kupunguza vibali vya kazi kwa watu wa Jumuiya ya Madola mpaka 8,500 kwa mwaka. Crossman, yule yule aliyeikatalia kaunsili mkopo, aliandika katika shajara yake kuwa tangu Smethwick imekuwa wazi kwamba uhamiaji unaweza kuwapotezea Labour kura kuliko jambo lolote. Ni kweli kuwa mwaka huo huo walipitisha sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi, na lazima tuwape haki yao. Lakini sheria ile haikugusa nyumba wala ajira, vitu viwili ambavyo watu wa Marshall Street walikuwa wanavililia. Hayo yalingoja mpaka 1968.

Na 1968 ndiyo inayotuhusu zaidi. Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, Wahindi wenye paspoti za Kiingereza wakaanza kubanwa, na ndege za Nairobi zikajaa. Hawa walikuwa raia wa Uingereza kwa makaratasi, waliahidiwa hivyo wakati wa uhuru. Serikali ya Labour ikaenda Bungeni na mswada, na kwa muda wa siku tatu ukapita mabaraza yote mawili. Kuanzia Machi 1, 1968, paspoti ya Uingereza peke yake haikutosha. Lazima uwe na mzazi au babu aliyezaliwa au kupata uraia Uingereza. Kwa lugha nyepesi, mzungu wa Nairobi aingie na Kalasinga wa Nakuru angoje foleni. Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kuwa hayo yalikuwa ni kuwadhalilisha watu kwa sababu ya rangi zao. Mzee wangu aliruka wiki ya mwisho ya Februari. Dada yake mkubwa alingoja miaka minne. Ndiyo maana, ukimuuliza nani aliyemfukuza Kenya, anakutajia majina mawili, na moja ni la mji wa Kiingereza.

Hapa nasi tusijitie usafi. Wahindi wale walibanwa kwanza na sisi, na mwaka 1972 Amin akamaliza. Na mpaka leo, nani kati yetu hajasikia kwenye kampeni za kwetu mgombea anaambiwa si mwenzetu, babu yake hakuzikwa hapa? Maneno ya Smethwick tunayo kwa Kiswahili safi, na wengine tunayapigia makofi.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu nimeyaona yakijirudia. Mei 1, 2025, ulifanyika uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, kaskazini magharibi ya Uingereza. Kiti kilikuwa cha Labour. Chama cha Reform, ambacho uhamiaji ndiyo chakula chake, kilikichukua kwa kura sita. Sikukosea, sita! Siku kumi na moja baadae, Mei 12, Waziri Mkuu Starmer alisimama na waraka wa uhamiaji: ukaazi wa kudumu usogezwe kutoka miaka mitano mpaka kumi, na viza za kuajiri watu wa kea kutoka nje zifungwe. Julai mwaka huo zikafungwa. Akasema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana, na mwezi uliofuata akasema anajutia maneno yale. Sisemi kuwa waraka uliandikwa kwa siku kumi na moja. Ulikuwa unatayarishwa kabla. Nasema kuwa niliusoma nikakiona kivuli cha 1965. Na safari hii wanaoguswa ni sisi wenyewe, kina dada wanaofanya kea Leicester na Coventry, waliokuwa wanahesabu miezi ifike mitano, samahani, miaka mitano.

Kuna watakaonijibu: kura ya nini, na Labour uliowapa ndio waliokufungia mlango? Hoja hiyo ina uzito, wala sina haja ya kuipamba Labour. Lakini wanasiasa wale waliogopa kura 1,774 za Smethwick kwa sababu zilihesabika. Za ami zake mzee wangu hazikuwepo, basi hakuna aliyeziogopa. Na kuna jambo jingine la chini zaidi. Mipaka ya majimbo ya hapa huchorwa kwa idadi ya walioandikishwa, si ya wanaoishi. Majimbo ya mwaka 2024 yalichorwa ili karibu kila moja liwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062 wa daftari la Machi 2020. Mtaa uliojaa watu wasioandikishwa, mchoraji haoni mtu. Kwa ramani hiyo hiyo jina la Smethwick lilirudishwa baada ya miaka hamsini, na aliyechaguliwa, Gurinder Singh Josan, ni Kalasinga. Mzee wangu hakuishi kuliona hilo, Mungu amrehemu.

Basi kwa walioko Uingereza: Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na hata Mmsumbiji, ukiwa una kibali halali cha kuishi hapa, una haki ya kuandikishwa bila ya kungoja paspoti nyekundu wala ya buluu. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawamo, mpaka wapate uraia. Na wapo ambao makaratasi yao yanasema wametoka nchi nyingine kabisa, hayo tuyaache hapo hapo. Kujiandikisha kunafanyika kwenye intaneti, dakika tano, unahitaji namba yako ya Nashno Inshuarensi; na tangu mwaka 2023 kituoni unaonyesha kitambulisho chenye picha. Mtanzania hadi uchaguzi wa 2025 hakuwekewa sanduku la kura nje ya nchi, kwa hivyo hii ndiyo kura peke yake ambayo wengi wetu tunayo popote duniani.

Mimi barua ya kaunsili ya kila mwaka niliitupa miaka tisa, nikidhani ni ya kodi. Mlioko Slough, Milton Keynes, Leicester, Northampton na London, tuelezeni: katika nyumba zenu, wangapi wamo kwenye daftari? Nimehesabu wa mtaani kwangu, Waswahili watu wazima kumi na wanane wenye haki, walioandikishwa wanne.

Wasalaam.